Taa nyekundu za kamioni yetu, kutoka Bukavu mpaka Uvira



Wengi mmetuuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini mwezi wa tatu kabichi zetu zilifika Uvira zikiwa zimechelewa siku nzima. La pili, kwa nini siku hizi kamioni yetu ikisimama popote, mama mmoja anashuka mbio, anakwenda nyuma yake na kupaza sauti, "Papa, kanyaga!" Majibu yote mawili yako katika habari moja, nayo ilianza kwenye barabara inayotoka Bukavu, inapita Nyangezi, inateremka Ngomo na kwenda mpaka Uvira.

Kamioni yenyewe wengi mnaijua. Ni ya Kijerumani, ya zamani, ya pua ndefu, na kati yetu wako wanaofikiri imewazidi umri. Mwenzetu mmoja aliachiwa na marehemu mume wake. Ndugu za mume walitaka iuzwe kama vyuma, yeye akakataa, akaileta kwetu. Sisi wamama 14 tunalipa mazuti na shofere, yeye anapata fungu lake, na kila wiki mbili tunapanda juu ya mizigo. Tunakwenda na kabichi, poro, karoti na maharage. Tunarudi na ndagala, mikebuka na bidoni za mawese. Mlango wa kuume unafungwa kwa kamba. Pembe inalia ikitaka. Lakini motere inawaka kila asubuhi, na kwa hiyo tulikuwa tukisema kamioni ni nzima.

Safari ya kwanza tunayotaka kuwasimulia tulitoka Bukavu saa kumi na moja ya asubuhi, mvua ikiwa imenyesha usiku. Ukipita Essence na Panzi, nyumba zinaanza kupungua, vilima vinaanza, na hewa inanukia moshi wa majani mabichi. Wamama wanakuja upande wenu na mizigo ya makala na migomba mgongoni, kamba kwenye paji la uso, wameinama hivi kwamba hawaoni kamioni mpaka iwe karibu. Wanafunzi wanatembea kwa vikundi, blauzi nyeupe na sketi za bluu, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Wale ambao wazazi wana pesa kidogo wanapanda pikipiki, wawili au watatu nyuma ya motari mmoja.

Mbele ya kufika Nyangezi mbuzi walivuka. Shofere wetu alikanyaga freni. Kamioni ilisimama vizuri, hatukuanguka, hata kabichi hazikuanguka. Ndipo tukasikia kishindo nyuma.

Motari alikuwa akitufuata karibu, akitafuta nafasi ya kutupita. Nyuma yake alikaa mtoto msichana wa masomo. Motari alipata michubuko tu. Mtoto aligonga ubao wa nyuma wa kamioni na mkono wake wa kushoto ukavunjika. Tulimshusha kwenye majani, mmoja wetu akafungua kitenge akamfunga mkono na kipande cha ubao wa sanduku la nyanya. Hakulia. Alikuwa anauliza madaftari yake yako wapi. Motari alisimama pale anatetemeka, anarudia neno lilelile: "Sikuona taa. Wamama, sikuona taa."

Shofere alikasirika. Akasema taa zake ni nzima, alizipima garajini siku ya nne jioni, na motari wote ni wale wale. Basi mama mwenye kamioni akamwambia apande akanyage freni. Sisi wote tulisimama nyuma tukitazama. Hakuna kitu. Kioo chekundu cha kushoto kilikuwa kimefunikwa na matope, cha kuume kilikuwa safi, na vyote viwili vilikuwa vimelala kama macho ya samaki sokoni.

Hilo ndilo neno la kwanza tulilojifunza, na linauma kwa sababu ni jepesi: shofere haoni taa zake za stopu. Taa za mbele anaziona zikimulika barabara, kilinda anasikia kikilia tik tik. Lakini zile mbili za nyuma ni kwa ajili ya mtu mwingine. Zikifa, ndani ya kamioni hakuna anayejua, na anayejua kwanza ni yule anayekugonga.

Mtoto alipigwa plasta mjini Bukavu. Tulilipa kutoka sanduku jekundu la mutuelle yetu, lile la mshikamano, na tuwaambie kweli, hatukukubaliana mara moja. Wako waliosema sanduku jekundu ni la wanachama, la vilio na magonjwa yetu, na huyu si mtoto wa mwanachama. Mama mwenye kamioni hakubishana. Alisema tu kwamba angeuza jenereta ya marehemu. Baada ya hapo mikono yote ilipanda. Mama wa mtoto alipokuja hospitalini hakututukana, nasi tulikuwa tumejitayarisha kutukanwa. Alituuliza swali moja: "Taa zenu, mlijua kwamba zimekufa?" Tulijibu hapana. Akasema, "Na sasa mmezitengeneza?" Tukasema tutazitengeneza.

Fundi wetu wa mjini alifanya kazi ya nusu saa. Alikuta fyuzi ya taa za stopu imeungua, akaweka mpya. Alikuta ampuli ya kushoto imekatika, akamtuma konvoyeri sokoni. Hapa kuna kituko kidogo. Konvoyeri alirudi na ampuli nzuri, ya bei nafuu, na shofere alipokanyaga freni iliwaka kama radi, ikafa. Ilikuwa ya gari dogo, volti 12. Kamioni yetu ina batri mbili za volti 12 zilizofungwa moja nyuma ya nyingine, na hivyo inatoa volti 24. Kwa hiyo, wamama mnaotumwa kununua, msitazame umbo tu, kwa maana zinafanana kama mapacha. Geuzeni, someni kwenye shaba pale chini: iandikwe 24V. Kama ni ile yenye nyuzi mbili ndani, moja ya kuegesha na moja ya stopu, itaandikwa 21/5W, na vipini vyake viwili vya pembeni havilingani urefu. Ikikataa kuingia, usiisukume. Igeuze upande mwingine.

Zikawaka zote mbili. Tulipiga makofi. Fundi akalipwa. Hakuna aliyemuuliza, wala yeye hakujiuliza, kwa nini ile fyuzi iliungua.

Wiki mbili baadaye tukaondoka tena, siku ya tano, ili tuwe sokoni Uvira siku ya posho asubuhi. Kamioni ilikuwa imejaa kuliko mara zote, maana kabichi zilikuwa nyingi na bei Bukavu ilikuwa imeanguka. Tulipofika Nyangezi tulisimama kunywa chai. Mmoja wetu, yule mfupi anayeuza poro, akaenda nyuma akapiga kelele shofere akanyage. Tulidhani anafanya mzaha.

Hakuna kitu. Zote mbili zimelala.

Nyangezi mnaijua: misheni, masomo, migomba, ukungu unaoshuka asubuhi na kukaa mpaka saa nne. Lakini kwa shofere, Nyangezi ni mahali pa mwisho pa kufikiri. Ukitoka hapo unakwenda Ngomo. Ziwa Kivu liko mita karibu 1,460 juu ya bahari, na Tanganyika karibu mita 770. Mto Ruzizi unateremka tofauti hiyo kwa maporomoko, na mitambo iliyowekwa kwenye maporomoko hayo ndiyo inayotupa umeme Bukavu, siku ukiwapo. Barabara nayo inapaswa kuteremka vilevile, na sehemu kubwa ya mteremko inaifanya pale Ngomo, kwa kona juu ya kona, udongo mwekundu unaoteleza, mlima upande mmoja na bonde upande mwingine. Magari mengi madogo hukwepa, yanapita Rwanda kwa njia ya Bugarama na kurudi Kongo pale Kamanyola. Sisi na tani zetu za kabichi, na karatasi za forodha zinazohitajika mara mbili, tunateremka Ngomo.

Na katika Ngomo hautumii freni sana, ukiwa shofere mwenye akili. Unaweka vitesi ndogo, unaacha motere ishikilie kamioni, kwa sababu freni zikishikwa muda mrefu zinapata moto na kupoteza nguvu. Basi unapokanyaga, ni kwa sababu kuna jambo: gari linakuja, jiwe, mtoto. Yule aliye nyuma yako kwenye ukungu, naye mzigo wake unamsukuma, ana sekunde chache tu za kujua. Kwenye barabara tambarare taa ya stopu ni adabu njema. Ngomo ni kitu kingine.

Konvoyeri alifungua kisanduku cha fyuzi chini ya dashibodi. Za kamioni yetu ni za zamani, vijiti vya kauri vyenye utepe wa madini mgongoni. Nyeupe ni ya ampea 8, nyekundu ni ya 16. Ile nyeupe ya stopu ilikuwa imeungua tena. Hatukuwa na nyingine. Konvoyeri ni kijana mwerevu, akachukua pakiti ya sigara, akatoa ile karatasi ya fedha, akaanza kuikunja kuzunguka kauri. "Dakika mbili, wamama. Itawaka mpaka Uvira."

Mama mwenye kamioni akamshika mkono. "Mwanangu, hii imekufa mara mbili. Inatuambia kitu. Wewe unataka kuiziba mdomo."

Tutaje kilichokuwa kichwani mwetu sote, ingawa hakuna aliyekitamka pale. Kila safari tunapita Sange. Tarehe 2 mwezi wa saba mwaka 2010, lori la petroli lilipinduka pale, likamwaga, likawaka, na watu zaidi ya 200 walikufa, wengine wakiwa ndani ya vyumba vya sinema wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Chanzo chake kilikuwa kingine, si waya wa taa. Lakini mtu anayepita pale kila wiki mbili hawezi kuuchezea moto. Fyuzi imewekwa iwe dhaifu kwa makusudi, ikatike mbele ya waya haujapata moto. Ukiweka karatasi ya sigara au msumari, fyuzi haikatiki tena. Unaokatika au kuwaka ni waya, chini ya ubao, chini ya bashi, chini yetu. Na wakati wa kurudi tunakalia bidoni za mawese.

Basi tukakaa. Shofere alinung'unika kuhusu kabichi, na alikuwa na haki, kabichi iliyofungiwa chini ya bashi inaanza kunuka upesi. Tulizihesabu hasara zetu pale pale kando ya barabara. Wawili wetu walikuwa na mikopo ya sanduku la kijani ya kurudisha siku ya yenga. Mmoja akalia kidogo. Halafu tukamtafuta fundi.

Fundi wa Nyangezi hakuwa fundi wa kamioni. Alikuwa kijana anayechajia watu simu sokoni kwa sahani ya jua na kutengeneza redio. Alikuja na koleo, na ampuli moja ya zamani ya taa kubwa ya mbele, volti 24, iliyoungwa nyaya mbili. Shofere alimtazama kama mtu anayetazama mtoto aliyevaa koti la baba yake. Kijana akauliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiuliza: "Zinakufa wakati gani?"

Tulimwambia: zinakufa njiani. Garajini zinawaka.

"Garajini kamioni ilikuwa na mzigo?"

Hapana. Nani anapeleka kamioni garajini na mzigo?

Akanyamaza, kisha akatueleza, na sisi tunawaeleza ninyi kama tulivyoelewa. Umeme ni kama mwenda sokoni, lazima aende na lazima arudi. Unatoka kwenye batri, unapita fyuzi, unafika swichi inayobanwa wakati shofere anakanyaga freni. Swichi ikifunguka njia, umeme unashika waya mrefu unaopita chini ya kamioni mpaka nyuma, unaingia kwenye ampuli, na unarudi kwenye batri kwa kupitia chuma chenyewe cha kamioni. Njia hiyo ya kurudi mafundi wanaiita masi. Sasa zile ampuli mbili za wati 21, kwa volti 24, hazili hata ampea 2. Fyuzi ni ya 8. Haiwezi kuungua kwa kazi ya taa peke yake. Ikiungua, maana yake mahali fulani waya umevuliwa nguo na unagusa chuma, umeme umepata njia ya mkato, unakimbia kurudi bila kupita kwenye ampuli.

"Mahali gani?" tukamuuliza.

"Ndipo tunapotafuta."

Akaweka ile ampuli yake kubwa mahali pa fyuzi, waya mmoja huku, waya mwingine kule. Akamwambia shofere akanyage na asiachie. Ampuli ikawaka kwa nguvu zote, nyeupe, na nyuma taa za stopu zimelala. Kijana akafurahi. Sisi hatukuona cha kufurahia. Akasema: "Sasa umeme wote unapita hapa mbele yangu, na hauwezi kuchoma kitu kwa sababu ampuli inauzuia. Nikiuondoa waya pale unapogusa, ampuli hii itafifia na zile za nyuma zitawaka. Mama mmoja akae hapa aitazame." Akaingia chini ya kamioni na koleo, akaanza kuvuta waya taratibu, hatua kwa hatua, kutoka mbele. Yule wa poro alikaa kwenye ngazi ya mlango, anatangaza kama mtu wa redio: "Inawaka... bado inawaka... bado."

Alitafuta saa nzima. Hakuna kilichobadilika. Waya ulikuwa umefungwa pamoja na bomba la hewa la freni, umepakwa matope ya miaka, na kutoka katikati mpaka nyuma haukuonekana vizuri. Mvua ikaanza. Na hapa ndipo tunapocheka kila tunapokumbuka. Wengi wetu tulikuwa tumebaki juu, tumekaa nyuma kabisa juu ya magunia ya maharage, chini ya bashi. Mvua ilipozidi tukaamua kushuka, twende kujificha kwenye baraza ya duka. Tukashuka mmoja mmoja. Wa tisa au wa kumi alipokanyaga chini, yule wa poro akapiga yowe: "Imefifia! Fundi, imefifia!"

Ampuli kubwa ilikuwa imebaki nyekundu kama kaa la makala. Nyuma, taa zote mbili za stopu zilikuwa zinawaka.

Kijana akatoka chini na uso wa matope. "Wamama, tafadhali, pandeni tena."

Tukapanda. Ampuli ikawaka nyeupe, za nyuma zikafa. Tukashuka. Za nyuma zikafufuka. Tulifanya hivyo mara tatu, watu wa sokoni wamekusanyika wanatutazama kama tumerukwa na akili, na shofere, mguu kwenye freni, anauliza kwa sauti ya unyonge ni nani kati yetu mzito zaidi. Hilo hatukulijibu. Wamama 14 ni karibu tani moja. Kamioni ikiwa tupu, chuma cha nyuma kinakaa juu ya springi kwa nafasi ya mkono mzima. Ikijaa kabichi, springi zinalala, nafasi inabaki vidole. Nasi tukikaa pale nyuma, inakwisha. Na pale palipokwisha ndipo waya ulipopita. Mtu wa zamani aliutoa kwenye mahali pake, labda akibadilisha springi, akaurudisha kwa njia fupi. Kila tulipopakia, chuma kiliuma waya. Kila tulipopakua, kiliachia. Fundi wa mjini hakuwa mwongo. Alipima kamioni tupu, nayo kamioni tupu ilikuwa nzima.

Matengenezo yenyewe yalichukua muda mfupi kuliko kutafuta. Tulipakua magunia ya nyuma ili springi ziinuke. Kijana alikata kipande kilichotafunwa, kirefu kama kidole, shaba ikiwa imekuwa ya kijani. Akaunga waya mpya kwa kuusokota vizuri, akafunga utepe mweusi, na juu yake mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Akaupitisha waya juu zaidi, upande wa ndani wa chuma, mbali na springi, akaufunga kwa vipande vya mpira huohuo kila baada ya shubiri mbili. Akasema usifunge kwa waya wa chuma, utakuja kuula ule mwingine. Halafu akaona taa ya kuume ni hafifu kuliko ya kushoto. Hiyo akaimaliza upesi: bulungi inayoshika masi ilikuwa na kutu, akaifungua, akaisugua kwa karatasi ya msasa mpaka ikang'aa, akaikaza. Taa zikalingana. Alitwambia pia alama ya masi mbovu: ukikanyaga freni na kilinda kinaanza kuangaza kidogo bila kuitwa, au taa ndogo za nyuma zinafifia, umeme unatafuta njia ya kurudi na haioni.

Fyuzi nyeupe tuliipata kwa kamioni nyingine iliyolala pale, tukainunua tatu. Tukapakia magunia yote. Tukapanda sote 14, nyuma kabisa, tukajikalisha kwa uzito wote tulionao. "Papa, kanyaga!" Zikawaka. Lakini giza lilikuwa limeingia, na Ngomo usiku wenye mvua hatukuitaka. Tulilala Nyangezi, kwenye baraza, juu ya bashi.

Asubuhi ya siku ya posho tuliteremka. Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba tuliona migomba ya kando tu na mara moja moja ukingo wa barabara, halafu weupe mtupu ambako bonde liko. Nyuma yetu kulikuwa na kamioni ya mbao. Tulisikia motere yake kuliko tulivyoiona. Katika kona moja ya chini tulikuta udongo umeanguka nusu ya njia na vijana wanachimba kwa majembe. Shofere alikanyaga. Sisi tuliokaa nyuma tulitazama chini tukaona ukungu umekuwa mwekundu. Ile kamioni ya mbao ikatoa mlio wa hewa, ikasimama. Kati yetu na pua yake mtu angeweza kutandika mikeka mitatu. Shofere wake akainua mkono. Hatukusema kitu. Mmoja wetu alianza kupanga upya kabichi ambazo hazikuwa zimepangika vibaya.

Ukishuka chini ya ukungu, bonde la Ruzizi linafunguka kama kitambaa: mto unaong'aa, Rwanda ng'ambo, halafu Burundi, na joto linakupiga usoni kama umefunua sufuria. Kamanyola tulivua masweta. Luvungi tuliona mpunga, na wamama wanafukuza ndege. Sange tulipita polepole, kama kawaida yetu. Kiliba, pale penye kiwanda cha sukari cha zamani, tulinunua miwa. Kavimvira saa tisa, na soko la asubuhi lilikuwa limekwisha zamani. Kabichi tuliziuza kwa bei ya kusikitisha, zilizonyauka tukazitoa bure kwa wamama wa ndagala, ambao nao walituongezea kipimo. Wale wawili wenye mikopo tuliwaongezea wiki moja. Hesabu yote imeandikwa katika kitabu cha chama, anayetaka aje aione.

Tuliporudi, siku ya pili yake, tulisimama Nyangezi kumlipa kijana sehemu iliyobaki. Alikataa nusu yake, akaomba ndagala badala yake. Tukauliza nyumba ya yule mtoto ni wapi, watu wakatuonyesha. Alikuwa uani, plasta bado mkononi, imeandikwa majina ya rafiki zake kwa bik ya bluu. Tulimpelekea mkebuka na daftari mpya, maana moja liliharibika siku ile. Mama yake akatukaribisha tuketi, hatukuketi. Tulimwomba aje barabarani na binti yake, pale kamioni ilipokuwa imesimama imejaa, sisi wote tukapanda juu.

Mtoto alisimama nyuma, mbali kidogo, mkono wenye plasta umeshikwa na ule mwingine. Mama yake alikuwa pembeni yake. Shofere akakanyaga bila kuitwa.

"Ya kushoto inawaka," mtoto akasema. "Ya kuume pia."

Shofere akaachia.

"Zimezima."

"Akanyage tena," mama yake akasema.